Salu na Komba wa Kitabuni

Salu hakuwa mzuri wa sura. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye alianza nalo, kabla mtu hajamtangulia. Meno yake ya juu yalitoka nje kidogo, na macho yalikuwa mekundu tangu ujana, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe tunayopikia huku kwetu ambako kuni zimekwisha. Siku kaka yangu Sayi alipomleta nyumbani, mimi wifi yake nilisema mbele ya watu, "Kaka, huyu umemuoa au umemwokota?"

Bibi harusi hatakiwi kusema siku hiyo. Salu akasema.

"Ameniokota, wifi. Wewe hata wa kukuokota hajapita."

Watu walicheka mpaka baba akatoka ndani kuangalia kuna nini. Nilimpenda tangu hapo. Sikumwambia, sina tabia hiyo.

Alizaa, na watoto wakafa. Mmoja kwa surua, mmoja kwa homa, wa mwisho hata hakulia. Halafu kaka naye akafa, mwaka wanajeshi waliporudi kutoka Uganda. Wazee wakataka Salu arithiwe na mdogo wa marehemu. Akawauliza, "Huyu mtoto ambaye akivuka kijito anashikwa mkono?" Wakaona aibu, wakamwacha. Akabaki peke yake kwenye mji wa kaka yangu, yaani nyumba na zizi lake, upande wa Sapiwi, siku hizo tukihesabiwa Mkoa wa Shinyanga. Mimi nilikuwa nimeshaachana na mume wangu na kurudi kwetu, na kwa nini niliachana naye sielezi. Tulikuwa majirani, ua kwa ua.

Pamba alilima kidogo, ya kuonekana tu. Kazi yake hasa ilikuwa gundi. Kule bondeni kwenye migunga alikuwa anachanja magome kwa ncha ya panga, anasubiri utomvu utoke na kukauka, kisha anaubandua vipande vipande na kuujaza kwenye mfuko. Mfuko ukijaa anaupeleka Bariadi kwa mfanyabiashara. Migunga yote aliichanja isipokuwa mmoja, mkubwa, karibu na njia ya ng'ombe. Huo aliuacha kwa ajili ya komba.

Nasema komba huyu mdogo, anayeingia kwenye kikombe cha chai akabaki na mkia nje. Macho yake ni makubwa kuliko tumbo lake. Mchana analala tu kama mlevi. Jua likizama anaamka, anaruka kutoka mti hadi mti, analamba gundi na kukamata panzi. Salu aliwajua kwa sababu walikuwa wanagombea naye mti uleule. Mwaka mmoja watu wa mkaa waliangusha mgunga wenye tundu la komba, akaokota jike lililovunjika mguu, akaliweka kwenye kibuyu kikavu, akakitundika jikoni. Mguu ukapona, jike halikuondoka. Jioni linatoka, alfajiri linarudi kibuyuni. Likizaa, linazaa mlemle, vitoto viwili kila mara, linavibeba mdomoni kimojakimoja, vikikua vinakwenda zake. Salu hakulipa jina. Alikuwa analiita "wewe".

"Wewe, umekula panzi wangapi?" anauliza. "Tumbo hilo!"

Hakuna mtu aliyejali. Mwingine anafuga paka, mwingine anafuga mume.

Halafu zikaja siku za soko huria. Mwanzo pamba yote ilikuwa inanunuliwa na ushirika, mzani ni mmoja na kununa tunanuna pamoja. Sasa yakaja magari ya watu binafsi, kila gari na mzani wake, na majirani wakaacha kusalimiana kwa sababu huyu kauzia hapa na yule kauzia pale. Dawa ya pamba ikawa ya kununua. Sindano ya zahanati ikawa ya kununua. Na vitabu vya shule, ambavyo zamani vilitoka serikalini tu, sasa makampuni nayo yakaruhusiwa kuvitengeneza.

Ndivyo alivyofika kwetu yule Bwana Januarius, kwa gari, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alitoka kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam. Alileta kitabu kikubwa ambacho Mwalimu Constantine wa shule yetu alikiita ensaiklopidia. Sisi tulikiita Kitabu cha Kila Kitu. Kilikuwa cha majaribio. Walimu wakisome na watoto, wakikuta kosa waliandike, Januarius atarudi kuchukua masahihisho kabla hakijachapwa chenyewe.

Mwalimu Constantine, kijana wa watu, akatafuta mnyama ambaye watoto wanamjua. Akawasomea komba. Maneno yenyewe niliyasoma baadaye kwa macho yangu. Mimi nilijifunza kisomo cha watu wazima, nasoma kwa kidole, lakini nikishasoma nimesoma. Yalikuwa hivi:

"Komba ni mnyama mdogo wa usiku. Hula matunda. Huzaa mtoto mmoja. Katika Kanda ya Ziwa hufugwa na wachawi, ambao humtuma kuwadhuru watu."

Watoto wakarudi nyumbani na maneno hayo midomoni, kama wamepewa pipi.

Mwanzo ulikuwa utani. Kule lamboni tunakochota maji, Generoza, mwanamke mmoja mnene mwenye watoto mapacha, akamwambia Salu mbele ya wote, akimwita mayu, yaani mama, "Mayu Salu, komba wako jana ulimtuma kwa nani?"

"Kwa mumeo," akajibu Salu. "Amerudi analalamika kwamba amepekua kitanda chote na hakukuta mwanamume."

Tulicheka, Generoza mwenyewe akacheka, ndoo ikamwagika.

Lakini mwaka ule mvua iligoma. Pamba iliota ikasimama palepale, urefu wa goti, ikageuka rangi ya karatasi. Na katikati ya ukame huo mjukuu wa Maduhu akafa, mtoto wa kunyonya. Maduhu ndiye alikuwa mtemi wa sungusungu wetu, mkuu wa walinzi wa kijiji, mtu mrefu wa maneno machache ambaye wezi wa ng'ombe walimwogopa kuliko polisi. Sikatai kwamba alikuwa mwaminifu. Hilo ndilo baya lake.

Alikuja kwa Salu asubuhi na wenzake, fimbo mkononi. Mimi nilikuwepo, tunaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

Akakaa kwenye kigoda, akailaza fimbo magotini.

"Mayu Salu, mimi sikusemi kwa lolote," alisema. "Tumekaa miaka yote, sijawahi kukusema. Lakini kitabu kimesema. Kimetoka Dar es Salaam. Dar es Salaam hawakujui, hawana ugomvi na wewe, hata Sapiwi hawajafika. Sasa wao wamejuaje kwamba huku kwetu kuna mtu anafuga komba?"

Mpaka leo nikilifikiria swali hilo naona jinsi linavyokaba.

"Baada ya mnada wa ng'ombe tutakaa kikao," akasema Maduhu. "Kama hujasafishika, utahama. Mimi nitakusindikiza kwa usalama wako. Ukibaki, sitaweza kulala mlangoni pako kila siku."

Maana yake tuliijua. Miaka hiyo vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wanakutwa asubuhi wamekatwa mapanga, huko na huko, na mtu hakuulizwa. Salu alikuwa na mahali pamoja tu duniani, mji ule, na kaburi la kaka yangu nyuma ya zizi. Hakuwa na mtoto wa kumpokea wala ndugu aliye hai.

Tukaenda kwa Mwalimu Constantine. Tulimkuta anakagua madaftari, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Kifute kipande hicho," Salu akamwambia. "Hicho cha wachawi."

"Mama, siwezi kufuta tu," alisema. "Bwana Januarius anataka kila kosa liwe na ushahidi. Utathibitishaje kwamba mtu hafanyi kitu? Hayo mengine ndiyo yanathibitika. Matunda, kwa mfano. Anakula matunda?"

"Hajawahi. Anakula gundi na wadudu. Na hazai mmoja, anazaa wawili. Nimeona mimi."

"Kuona kwako wewe, mama, ndiko kunakoshitakiwa."

Lakini lilikuwa limeshamwingia kichwani. Akasimama, akazunguka meza. Alisema, kitabu kikikamatwa mbele ya watu kimesema uongo juu ya chakula, kikakamatwa tena kimesema uongo juu ya uzazi, nani ataendelea kukiamini juu ya wachawi? Na Januarius atakuwa amerudi kuchukua masahihisho, ataona kwa macho yake, atafuta kila kitu. Tukaona ni akili. Na kweli ilikuwa akili, sibishi.

Salu akaenda kwa Maduhu mwenyewe, hakutuma mtu. Akamuuliza, kitabu kikionekana kinadanganya, utaniacha? Maduhu akafikiri. Wenzake walitaka mambo yaende kwa mfumu, apasuliwe kuku kama kawaida, mfumu aangalie matumbo ya kuku na kusema mwenye hatia ni nani.

"Kuku hanijui," Salu akawaambia. "Mnanishitaki kwa komba, fungueni komba."

Hilo lilimpendeza Maduhu. Kuangalia ndani ya mnyama ili kujua ukweli, hiyo ni kazi anayoielewa kila mtu kwetu. Akasema mbele ya wenzake, "Kitabu kikionekana mwongo, shauri hili la uchawi nalifuta mimi mwenyewe." Akatema mate chini kulifunga.

Jioni nilimkuta Salu jikoni anatazama kibuyu.

"Kamata dume kule bondeni," nikamwambia. "Huyu ana mimba."

"Dume litanionyesha mtoto gani?"

"Onyesha gundi, yatosha."

"Kitabu kina makosa mawili. Nitaonyesha yote mawili."

"Salu, usimpasue huyu."

"Wifi, wewe unamlilia komba, mimi nani ananililia?"

Nilimwambia ana kichwa kama cha punda, akaniambia nimemwazima. Mambo ya mapacha sikuyafikiria. Hakuna aliyeyafikiria. Mbuzi anazaa wawili kila siku, nani amewahi kumpigia mbuzi ngoma?

Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi, jua tayari kali. Kijiji kizima kilikuja, kuna waliokuja na vigoda kama kwenye harusi. Januarius alikuja na gari lake na kamera. Mwalimu Constantine alivaa tai. Sungusungu walikaa mstari mmoja, Maduhu katikati.

Salu alikuja na kibuyu kichwani. Akapiga magoti kwenye ungo uliowekwa chini, akaingiza mkono, akamtoa komba akiwa usingizini, amejikunja kama ngumi. Kalipoona mwanga kakafumba macho. Kakatafuta kitu cha kushika, kakashika kidole cha Salu kwa kiganja chake, kakaendelea kulala. Salu akakavunja shingo. Alifanya haraka, na uso haukubadilika, na watu wa mbele wakasema eeh.

"Soma, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Constantine akasoma kwa sauti ya darasani. "Hula matunda."

Salu akapasua kwa wembe. Akalitoa tumbo, akaligeuza ndani nje juu ya ungo. Gundi ya njano ilikuwemo, inavutika, na miguu ya panzi na mabawa. Hata mbegu ya tunda haikuwepo. Januarius akainama, akaandika. Maduhu akainuka kwenye kigoda, akaja, akachukua kile kidonge cha gundi, akakinusa, akakisugua kwa vidole.

"Gundi hii," akasema. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, Maduhu anacheka. "Watu wa Dar es Salaam wametudanganya! Matunda! Kwenye mgunga matunda yatatoka wapi?"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema naye tangu mwanzo alikishuku kitabu, hakina hata picha ya ng'ombe. Generoza akapiga kigelegele. Nawaambia kwamba kwa muda huo Salu alikuwa ameshapona. Alikuwa amepiga magoti pale, damu mpaka kwenye viwiko, na alikuwa mtu wa kijiji kama sisi sote.

"Yatosha, mayu," akasema Maduhu. "Nyanyuka ukanawe."

"Bado sentensi moja," akasema Mwalimu Constantine.

Nilimtazama. Alikuwa amefurahi, jasho linamtoka, kidole kiko kwenye mstari wa kitabu. Hakuwa na ubaya wowote. Mwanafunzi akipata jibu la kwanza, mwalimu anataka la pili.

"Mwache," nikasema kwa sauti. "Ameshasema yatosha."

"Nimalize," akasema Salu. Na kichwa akakiinua vile, meno mbele, kama siku ile ya harusi.

Mwalimu akasoma, "Huzaa mtoto mmoja."

Salu akapasua chini. Akavitoa, akavilaza juu ya ungo kimoja pembeni ya kingine, akavifuta kwa kidole gumba. Vilikuwa vimekaribia kuzaliwa. Havikuwa na manyoya, vina ngozi laini tu. Uso mbele, masikio pembeni. Mikono vimeikunja kifuani, na kila mkono una vidole, na kila kidole kina ukucha.

"Wawili!" Mwalimu Constantine akapaza sauti. "Wawili! Kitabu kimekosea!"

"Safi sana, mama," akasema Januarius. "Usivisogeze." Akapiga picha.

Nilisikia kamera inazungusha filamu. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akachukua kigoda chake, akaondoka. Na mwingine.

Generoza akasimama. Kigelegele kilikuwa kimemkauka mdomoni. Mapacha kwetu tunawaita mabasa, na mabasa ni jambo la mvua. Mwanamke akizaa mabasa, yeye na mumewe hawachangamani na watu mpaka waoshwe, waimbiwe matusi yao na kuchezewa ngoma, la sivyo nchi inakauka. Generoza alipitia hayo yote, kwa hiyo akisema juu ya mabasa anasikilizwa kuliko padri.

"Mabasa wamekatwa," akasema polepole. "Kwa wembe. Mchana kweupe, na mvua imegoma."

"Hao ni wanyama, mama," akasema Mwalimu.

"Mbuzi ana kwato. Hawa wana vidole. Njoo hesabu, wewe si unajua hesabu?"

"Kisayansi..."

"Wahesabu!"

Mwalimu Constantine hakusogea. Salu alikuwa bado amepiga magoti, wembe mkononi, anatutazama mmoja mmoja, na naona alikuwa hajaelewa, au ameelewa kabla yetu sote. Nilienda nikasimama karibu naye. Nikasema, "Maduhu, umetema mate. Umesema utafuta."

"Nimefuta, mayu Monika," Maduhu akasema. Hakukasirika hata kidogo. "Kitabu ni cha uongo, Salu si mchawi. Asije mtu akamwita mchawi mbele yangu, nitamtoza ng'ombe. Lakini hili ni jingine. Mtu anayekata mabasa kwenye ukame hawezi kulala kwenye ardhi hii."

"Mlimwona anafanya! Mlikaa mkatazama!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana hakuna haja ya ushahidi."

Walimpa mpaka jua lizame. Atakayempa moto au maji ametengwa naye. Nilisimama kwenye mlango wake na mchi wa kutwangia, nikawatukana kwa majina ya baba zao, na mmoja nilimpiga begani, bado ana kovu na anastahili. Wakaninyanyua kama gunia, wakaniweka kando kwa adabu, huku wananiita mama. Wakaezua nyumba. Nyasi za paa alizoezeka kaka yangu wakazichoma palepale uani. Salu alifunga nguo zake kwenye kanga, na sufuria, na panga la gundi. Alikwenda nyuma ya zizi kwenye kaburi, akakaa kidogo, akarudi.

"Twende, wifi," akasema. "Hawa watu wananuka."

Tulikuwa hatujafika barabarani mvua ikaanza. Sisemi manyunyu. Ilikuja na upepo, ikapiga ardhi mpaka vumbi likaruka juu, na tukasikia nyuma yetu kijiji kizima kinapiga vigelegele. Walikuwa wanacheza uwanjani, watoto uchi, Generoza katikati, nilimwona kwa mbali amefungua mikono. Salu alisimama akageuka kuwatazama. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na kuingia mdomoni kwa yale meno.

"Ingenyesha tu," akasema. "Mawingu yalikuwepo tangu juzi. Wewe si uliyaona?"

"Niliyaona."

"Waambie basi."

Lori la pamba likampakia mpaka Bariadi.

Bariadi alipata chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, akawa anauza michembe iliyochemshwa karibu na stendi. Nilikuwa namtembelea nikipata gari. Hakulia kwangu hata mara moja. Macho yalizidi kuharibika, mara akawa anapapasa sinia, wateja wanamwibia na anajua wanamwibia. Alikuwa akiniuliza jambo moja tu kila nikija. Kitabu kimesahihishwa? Kwa sababu Salu alikuwa ameshikilia kwamba kitabu kikishatoka, bila wachawi ndani, na wawili wameandikwa, watu watapoa na yeye atarudi kwake.

Kilitoka. Nilikwenda shuleni mwenyewe, Mwalimu Constantine akanifungulia ukurasa kwa mikono miwili. Kilikuwa kitabu kizuri, kinanukia, na nyuma jina la mwalimu limeandikwa kwenye watu walioshukuriwa. Nikasoma kwa kidole.

"Komba ni mnyama mdogo wa usiku. Hula utomvu wa miti na wadudu. Huzaa watoto wawili kwa kawaida. Wasukuma huamini kwamba komba mwenye mimba akiuawa, mvua hukimbia."

Wachawi hawakuwepo. Nikarudia mstari wa mwisho.

"Hili mmelitoa wapi?" nikamuuliza. "Nimezeeka hapa. Bibi yangu alizeeka hapa. Hakuna Msukuma aliyewahi kuamini kitu hiki."

"Bibi, si nilikuwepo? Si sote tulikuwepo?"

"Na mvua ilikimbia? Ilinyesha jioni hiyohiyo!"

Mwalimu Constantine akafunga kitabu vizuri asikunje ukurasa. "Ilinyesha baada ya kumwondoa," akasema.

Nilimwambia Salu kama ilivyokuwa, sikupunguza. Ningedanganya, angejua. Alikuwa amekaa kwenye godoro, sinia magotini.

"Wawili wameandika?"

"Wameandika."

"Na gundi?"

"Na gundi."

"Wachawi?"

"Wametolewa."

Akawa anapapasa kingo za sinia. "Kwa hiyo naweza kurudi," akasema, na hakusema kama swali.

Nikamsomea mstari wa mwisho, niliushika kwa kichwa. Akaliweka sinia chini. Nikarudi kijijini, nikaenda kwa Maduhu, nikamwambia mwanamke amepofuka, amekwisha, anataka kufia kwake, hata ndani ya zizi. Maduhu alinisikiliza mpaka mwisho na kunipa kigoda. Akasema akirudi, na mvua ikasita hata wiki moja, nani atawazuia vijana wasimkate? Na akifa, azikwe hukohuko, maana ardhi inayopokea mwili ndiyo hiyohiyo inayopokea mvua.

Alikufa kiangazi kilichofuata, asubuhi, kabla hajapika. Wenye nyumba waliniletea habari kwa dereva wa lori. Nilipofika, vibarua wa kiwandani walikuwa wameshaanza kuchimba kwenye makaburi ya mjini, hawakumjua hata jina. Ardhi ilikuwa ngumu. Kijana mmoja akapumzikia sururu, akaniuliza marehemu ni nani yangu, nikamwambia ni wifi. Akauliza kwao wapi. Nikamwonyesha upande wa Sapiwi kwa mkono.

"Ah, si mbali hata," akasema. "Mbona hamkumpeleka?"

Nikamwambia achimbe.